Kujua kama filamu ya zamani bado ina hakimiliki

Filamu moja hubeba kazi nyingi ndani yake: picha zenyewe, mswada, hadithi au tamthilia iliyozaa mswada huo, muziki, na mara nyingine nyimbo zilizokuwako kabla kamera haijawashwa. Kila mojawapo inaweza kuwa na mwenyewe na muda wake wa ulinzi. Ndiyo maana swali la kama filamu fulani bado ina hakimiliki halijibiki mpaka ligawanywe: ni toleo gani la filamu hiyo, ni sehemu gani yake, na ni katika nchi gani. Kazi ambayo ulinzi wake umekwisha huitwa mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kuinakili, kuionyesha, kuikata vipande au kuiuza bila kuomba ruhusa. Hadi hilo lithibitishwe, salama ni kudhani kwamba mwenyewe yupo na anafuatilia.

Filamu nyingi za zamani zinazoulizwa ni za Marekani, na sheria ya Marekani ndiyo yenye mitego mingi kuliko zote. Mtego wa kwanza ni mwaka. Filamu iliyotolewa na kufuata masharti yote ya wakati wake hulindwa miaka 95, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda. Filamu ya katuni ya Walt Disney, Steamboat Willie, ilitolewa 1928; ulinzi wake ulikwisha usiku wa mwisho wa 2023, na tarehe 1 Januari 2024 ikawa mali ya umma nchini humo. Za 1929 zilifuata mwaka 2025, na za 1930 mwaka 2026. Hesabu ya haraka ni kuongeza 96 kwenye mwaka wa kutolewa: tarehe 1 Januari ya mwaka unaopatikana, filamu iko huru, hata kama kila karatasi ilijazwa sawasawa. Miaka hiyo haikuwa 95 tangu mwanzo. Sheria ya 1998 iliongeza 20 juu ya 75 iliyokuwapo, ndiyo maana kwa miongo miwili hakuna filamu ya Marekani iliyomaliza muda wake kwa umri peke yake. Mlango ulifunguliwa tena 1 Januari 2019 kwa kazi za 1923.

Kutolewa hapa kuna maana ya kisheria. Siku ya onyesho la kwanza mbele ya wageni waalikwa huenda isiwe siku inayohesabiwa. Kinachotazamwa ni siku nakala za filamu zilipoanza kusambazwa kwa wenye majumba ya sinema. Tofauti ya wiki chache haina uzito mwaka ukiwa uleule, lakini filamu iliyozinduliwa Desemba na kusambazwa Januari inaweza kupata au kupoteza mwaka mzima.

Filamu ambayo haijafikisha miaka 95 huingia kwenye moja ya mafungu manne. Iliyotolewa mwaka 1963 au kabla ya hapo ilipaswa kuwa na tamko la hakimiliki kwenye nakala zake, kisha hakimiliki hiyo ihuishwe ilipokaribia miaka 28. Ikikosa lolote kati ya hayo mawili, ilianguka kwenye mali ya umma. Iliyotolewa kati ya 1964 na 1977 ilihitaji tamko tu, kwa sababu sheria ya 1992 iliufanya muda wa pili, ule wa baada ya miaka 28 ya kwanza, uanze wenyewe, bila mtu kuomba. Iliyotolewa kuanzia 1978 hadi mwisho wa Februari 1989 nayo ilihitaji tamko, ila aliyesahau alipewa miaka mitano ya kurekebisha kwa kusajili kazi yake. Kuanzia 1 Machi 1989, siku Marekani ilipojiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, sharti la tamko lilifutwa, na hakuna filamu iliyotolewa tangu hapo inayopoteza ulinzi kwa kosa la karatasi.

Tamko la hakimiliki ni ule mstari mdogo unaoonekana chini ya jina la filamu au mwishoni kabisa: neno Copyright, kifupisho Copr. au alama ya ©, jina la mwenye haki, na mwaka, ambao kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. MCMXLVI ni 1946. MCMLXIII ni 1963. Tarakimu hizo zinafaa kusomwa kwa utulivu, maana herufi moja ikirukwa na mchapaji zamani hizo, mwaka uliweza kurudi nyuma, na mwaka wa nyuma ulioandikwa kwenye tamko ndio uliotumika kuhesabu muda.

Makosa ya tamko yameziacha wazi filamu ambazo hakuna aliyetarajia. Charade ya Stanley Donen, yenye Cary Grant na Audrey Hepburn, ilitolewa 1963 ikiwa na mwaka, majina ya kampuni mbili na maneno ya kudai haki zote. Hakuna aliyeweka neno Copyright wala alama yake. Kampuni kubwa ya Hollywood ikapoteza filamu kubwa kwa kukosa neno moja. Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968, ilipotea kwa njia nyingine. Jina lake la kwanza lilikuwa Night of the Flesh Eaters, na tamko lilikaa kwenye kipande chenye jina hilo. Msambazaji alipobadili jina, kipande cha zamani kiliondolewa na tamko likaondoka nacho. Filamu iliyoanzisha mtindo mzima wa filamu za maiti zinazotembea imekuwa ikiuzwa na kila anayetaka tangu wakati huo.

Hata hivyo, kutoliona tamko kwenye nakala iliyoko mkononi si ushahidi kwamba halikuwapo. Nakala za televisheni zilikatwa mwanzo na mwisho ili matangazo ya biashara yapate nafasi. Wauzaji wa kanda na DVD za bei rahisi walibandika vichwa vyao wenyewe. Kinachohesabika ni nakala zilizosambazwa wakati filamu ilipotolewa mara ya kwanza, na hizo hupatikana kwenye hifadhi za filamu, si kwenye kanda iliyonakiliwa mara kumi. Ukosefu wa tamko ni hoja ngumu kuithibitisha, na anayeitegemea peke yake anajenga juu ya msingi mwembamba.

Hoja ya kutohuishwa ni imara zaidi, kwa kuwa ina kumbukumbu za serikali. Chini ya sheria ya 1909, hakimiliki ya kwanza ilidumu miaka 28, na katika mwaka wa mwisho mwenye haki alipaswa kuwasilisha maombi ya muda wa pili. Asipofanya hivyo, basi. Kampuni kubwa zilikuwa na mawakili waliofuatilia kalenda, hivyo zilisahau mara chache. Zilizoumia zaidi ni filamu za kampuni ndogo zilizokufa kabla ya miaka 28 kutimia, zikaacha mali bila msimamizi. Lakini wakubwa nao waliteleza. His Girl Friday ya 1940, iliyotengenezwa na Columbia, haikuhuishwa. McLintock! ya John Wayne, ya 1963, vilevile.

Utafutaji huanza kwa kujua tarehe ya usajili wa kwanza. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikuwa ikichapisha orodha zinazoitwa Catalog of Copyright Entries, na kwa filamu yapo majalada maalumu yaliyokusanya usajili wa miaka mingi pamoja: 1894 hadi 1912, 1912 hadi 1939, kisha muongo kwa muongo hadi 1969. Majalada haya yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye intaneti. Namba za filamu za kuigiza zilizotolewa huanza na LP. Filamu nyingine, kama za habari na za mafunzo, huanza na MP. Baada ya kupata tarehe, huongezwa miaka 27 na 28, na orodha za miaka hiyo miwili hupekuliwa kwenye sehemu ya maombi ya kuhuisha, yenye namba zinazoanza na R. Maombi ya kuanzia 1978 hayahitaji kupekuliwa kwenye majalada; yako kwenye hifadhidata ya ofisi hiyo, na namba zake huanza na RE.

Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa 1962, inafaa kwa kuonyesha hesabu. Muda wake wa kwanza ulifika ukingoni mwisho wa 1990, kwa hiyo ombi la kuhuisha hutafutwa kwenye hifadhidata katika mwaka huo. Likiwapo, ulinzi unakwenda hadi mwisho wa 2057. Lisipokuwapo, hakimiliki ya filamu ilizimika 1990 ileile.

Kutopata jina kwenye orodha mara ya kwanza hakutoshi. Filamu husajiliwa wakati mwingine kwa jina la muda, au kwa jina lenye neno moja zaidi. Mwenye haki huenda alibadilika, na ombi likaletwa na kampuni iliyoinunua ile ya kwanza, au na benki iliyorithi deni. Mtafutaji mwangalifu hutafuta kwa jina la filamu, kwa majina yake mengine, kwa jina la kampuni na kwa jina la mtayarishaji, ndipo anapokubali kwamba hakuna kitu.

Hata filamu isiyohuishwa inaweza isiwe huru, na hapa ndipo wengi hujikwaa. It's a Wonderful Life ya Frank Capra ilitolewa 1946. Mwaka 1974 hakuna aliyewasilisha ombi la kuihuisha. Vituo vya televisheni vya Marekani vikaiona ni chakula cha bure cha msimu wa Krismasi, vikaionyesha tena na tena, na filamu ambayo haikufanya biashara kubwa kwenye sinema ikawa desturi ya sikukuu kwa taifa zima. Kisha mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ikaibuka. Haikudai picha, ilidai hadithi fupi ya Philip Van Doren Stern, iitwayo The Greatest Gift, ambayo ndiyo chimbuko la filamu na ambayo hakimiliki yake ilihuishwa, pamoja na muziki. Picha zilikuwa za umma, lakini hakuna aliyeweza kuzionyesha bila kuisimulia hadithi ya mtu mwingine. Maonyesho ya bure yalikoma.

Republic haikubuni hoja hiyo. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya filamu Pygmalion ya 1938, ilikuwa imeamua kwamba filamu iliyopoteza hakimiliki haiwezi kukodishwa ikiwa tamthilia ya George Bernard Shaw iliyo ndani yake bado inalindwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyohusu Rear Window ya Alfred Hitchcock na hadithi ya Cornell Woolrich, ilithibitisha nguvu ya mwenye hadithi hata dhidi ya mwenye filamu yenyewe. Kwa sababu hiyo, maneno yanayoonyeshwa mwanzoni mwa filamu kuhusu kitabu, tamthilia au hadithi iliyotumika hayapaswi kurukwa. Kila kazi iliyotajwa hutafutwa kivyake, kwenye orodha za vitabu, za tamthilia au za majarida, kwa utaratibu uleule wa miaka 28. Hadithi iliyochapwa gazetini ni ngumu zaidi, maana huenda ilisajiliwa kama sehemu ya toleo zima la gazeti. Habari njema ni kwamba kazi za msingi nazo huzeeka. His Girl Friday imetokana na tamthilia The Front Page ya 1928, na tamthilia hiyo iliingia mali ya umma ya Marekani 1 Januari 2024. Kikwazo hicho hakipo tena.

Muziki hufuata mantiki hiyohiyo. Picha za Charade ziko huru, lakini wimbo uliotungwa na Henry Mancini ulisajiliwa kivyake. Anayetaka kuitumia filamu nzima lazima aamue kama atalipia muziki, ataunyamazisha, au ataweka mwingine.

Toleo nalo lina uzito. Filamu bubu ya 1925 inaweza kuwa ya umma wakati muziki uliotungwa juzi ili kuisindikiza una mwenyewe. The Gold Rush ya Charlie Chaplin ilitolewa 1925 ikiwa bubu, kisha 1942 Chaplin akaitoa upya ikiwa na muziki na msimulizi. Hizo ni kazi mbili zenye tarehe mbili. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ikitiwa rangi kwa kompyuta, rangi hizo zinaweza kulindwa, jambo ambalo Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilianza kulikubali 1987. Maandishi ya tafsiri chini ya picha, mpangilio mpya wa vipande na sauti mpya navyo huhesabiwa. Kusafisha mikwaruzo peke yake ni hoja dhaifu, ila muuzaji wa DVD hataacha kuandika © 2015 kwenye kasha kwa sababu hiyo. Tarehe ya kasha ni ya kasha.

Filamu za nje ya Marekani zina sura yake. Nyingi zilipoteza ulinzi nchini Marekani kwa kukosa tamko au kuhuishwa, mambo ambayo Mjerumani au Mhindi hakuwa na sababu ya kuyajua. Tarehe 1 Januari 1996, kufuatia mazungumzo ya biashara ya Uruguay, Marekani ilizirudishia hakimiliki kazi za kigeni ambazo siku hiyo zilikuwa bado zinalindwa nchini kwao, mradi hazikutolewa pia Marekani ndani ya siku 30 baada ya kutolewa kwao. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliona urejeshaji huo ni halali. Vitabu na orodha za filamu huru zilizoandikwa kabla ya 1996 kwa hiyo hazifai tena kwa filamu yoyote ya kigeni, ingawa bado zinanakiliwa.

Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927, inaonyesha jinsi mipaka inavyogawa jibu. Ilikuwa ya umma Marekani, ikarudishiwa ulinzi 1996, ikaumaliza tena mwisho wa 2022. Kwao Ujerumani, kama ilivyo katika Umoja wa Ulaya wote, mwaka wa kutolewa hautumiki. Muda huhesabiwa miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya watu wanne: mwongozaji mkuu, mwandishi wa mswada, mwandishi wa mazungumzo, na mtunzi wa muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Lang alifariki 1976, baada ya mwandishi Thea von Harbou na mtunzi Gottfried Huppertz, kwa hiyo filamu inalindwa huko hadi mwisho wa 2046. Mtu wa Chicago anaweza kuiuza. Wa Berlin hawezi. Kwa Ulaya, basi, kazi ya mtafutaji hubadilika: badala ya orodha za usajili anatafuta tarehe za vifo.

Nchi nyingine zimechagua hesabu rahisi. India hulinda filamu miaka 60 baada ya mwaka wa kutolewa. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hutoa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao filamu ilitengenezwa, ilifikishwa kwa umma au ilichapishwa, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Tanzania Bara nayo, kwa sheria ya 1999, hutoa miaka 50 kwa kazi za picha na sauti. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake. Katika nchi hizi hakuna tamko wala kuhuisha kwa kutafuta, ila muziki na maandishi huhesabiwa kwa maisha ya mtunzi na miaka kadhaa baada yake, si kwa umri wa filamu.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye filamu za Kihindi, zilizojaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa vizazi. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitolewa 1960. Nchini India ulinzi wa filamu ulikwisha mwisho wa 2020. Kwa hesabu ya miaka 50 ya Afrika Mashariki ulikwisha 2010. Marekani, kwa sababu ya urejeshaji wa 1996, unaendelea hadi mwisho wa 2055. Nyimbo zake, ambazo ndizo zilizowafanya watu warudi kuitazama, zilitungwa na Naushad, aliyefariki 2006, na muziki wake utalindwa kwa miongo kadhaa ijayo huko na huku. Na toleo la rangi lililoonyeshwa 2004 lina hesabu yake.

Nchi inayotazamwa ni ile ambamo filamu itatumiwa, si ile ilikotengenezwa. Ndivyo Mkataba wa Berne unavyotaka, na Kenya imo tangu 1993, Tanzania tangu 1994. Kituo cha televisheni cha Nairobi hutazama sheria ya Kenya. Anayeiweka filamu kwenye YouTube anaifikisha nchi nyingi kwa mara moja, na mfumo wa kampuni hiyo unaotambua picha na sauti unaweza kuizuia kabla mtu yeyote hajasoma hoja yake. Kuweka sauti ya Kiswahili juu ya picha, kama ifanyikavyo kwenye mabanda ya video, hakuigeuzi filamu kuwa mpya: ikiwa inalindwa, hata tafsiri inahitaji ruhusa. Na hata filamu iliyo huru kabisa, ikionyeshwa hadharani, bado iko chini ya bodi zinazokagua na kupanga filamu, jambo lisilohusiana na hakimiliki.

Matokeo ya upekuzi huwekwa kwenye jalada moja: picha ya tamko kutoka kwenye nakala ya mwanzo, ukurasa wa usajili, kurasa za orodha zilizopekuliwa bila mafanikio, majina yote yaliyotumika kutafuta, na tarehe ya kila utafutaji. Mwenye haki akijitokeza, jalada hilo ndilo linaloonyesha kwamba kazi ilifanywa kwa nia njema. Asiyeweza kupekua mwenyewe anaweza kuiomba Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imtafutie kwa malipo yanayohesabiwa kwa saa. Ofisi hiyo hurudisha taarifa ya kilichomo kwenye kumbukumbu zake. Haitoi hukumu kama filamu ni ya umma, na kwa filamu yenye hadithi, muziki na matoleo kadhaa, hatua inayofuata ni wakili wa hakimiliki au barua ya kuomba leseni.